Kumwuguza Mbwa Mwenye Ugonjwa wa Kuvu



Ukiacha kipande cha mkate kabatini siku nne au tano wakati wa masika, utakikuta kimeota manyoya ya kijani au meupe. Huo ni ukungu, nao ni wa jamii ya kuvu, ambayo wengi siku hizi huiita fangasi. Aghalabu sisi huutupa mkate, na mambo yakaishia hapo. Katika somo hili nataka kueleza habari za kuvu ya aina nyingine, ambayo huingia mapafuni mwa mbwa na kumwua asipotibiwa. Zaidi ya hayo nataka kueleza kazi ya yule anayemwuguza. Mambo haya nimeyasoma vitabuni, na pia nimeyatenda kwa mikono yangu, tena nikakosea.

Mwaka 2014 nilikuwa masomoni Marekani, kaskazini ya jimbo la Wisconsin. Nilipanga chumba nyumbani kwa mzee mmoja na mkewe, karibu na ziwa. Walikuwa na mbwa dume wa miaka mitatu, mkubwa, rangi ya kahawia, jina lake Copper. Kazi yake ilikuwa kuogelea na kuwaokota bata waliopigwa risasi na bwana wake. Usiku alilala ndani ya nyumba, jambo lililonishangaza mwanzoni, kwani kwetu mbwa hulala nje akilinda. Mzee alikuwa akiumwa mgongo, na mkewe alifanya kazi ya usiku. Kwa hiyo mbwa alipougua, kazi ya kumpa dawa iliniangukia mimi.

1. Kuvu hii hukaa wapi?

Jina lake la kitaalamu ni Blastomyces dermatitidis, na ugonjwa wenyewe huitwa blastomikosi. Daktari Thomas Caspar Gilchrist wa mji wa Baltimore ndiye aliyeueleza kwanza, mwaka 1894, kwa mgonjwa binadamu. Kuvu hii hupenda udongo wenye unyevu, uliochanganyika na majani na magogo yaliyooza, hasa kando ya mito na maziwa. Huko Marekani huonekana zaidi katika mabonde ya mito Mississippi na Ohio, na katika nchi zilizo karibu na Maziwa Makuu ya kaskazini.

Kuvu hii ina maumbo mawili. Ikiwa udongoni, penye baridi, huwa nyuzi nyembamba kama zile za mkate uliooza, nazo hutoa vijimbegu vyepesi vinavyopeperuka hewani udongo unapochimbuliwa. Vijimbegu hivyo vikivutwa puani na kufika mapafuni, penye joto la mwili, hugeuka vikawa chembe za mviringo mfano wa chembe za hamira. Kila chembe huchipua nyingine ubavuni mwake, nazo zikizidi huweza kusafiri kwa damu mpaka kwenye ngozi, macho na mifupa.

Sasa fikirini tabia ya mbwa. Pua yake iko chini siku zote. Hunusa, hufukua, hukimbia matopeni kando ya maji. Ndiyo sababu mbwa wakubwa wa kuwinda hupatwa na ugonjwa huu mara nyingi zaidi kuliko bwana zao.

Lakini binadamu naye hasalimiki. Mwezi wa Juni mwaka 1984 wanafunzi 89 wa shule za msingi mbili, pamoja na watu wazima 10, walikwenda kambini kaskazini ya Wisconsin kujifunza habari za misitu na maji. Karibu na kambi palikuwa na bwawa la biva, mnyama wa majini anayekata miti kwa meno na kuziba vijito, akajijengea nyumba ya vijiti na matope. Baadaye watu 95 walipochunguzwa, 48 walionekana kuwa na ugonjwa huu, ingawa wengine miongoni mwao hawakujisikia vibaya hata kidogo. Wataalamu walipochukua udongo wa nyumba ile ya biva na magogo yaliyooza kando ya bwawa, waliikuta kuvu ile ile.

Msidhani kwamba ni jambo la Marekani peke yake. Ugonjwa wa jamii hii umeonekana Afrika pia. Mwaka 2020 wataalamu walitangaza aina mpya iliyopatikana kwa wagonjwa wa Afrika ya Kusini, wakaiita Blastomyces emzantsi, kwa neno la Kixhosa lenye maana ya kusini.

2. Dalili zake

Ugonjwa hauonekani siku ile ile mbwa alipovuta vijimbegu. Majuma mengi huweza kupita. Kisha dalili hizi huanza kutokea, moja au zaidi:

(a) Mbwa hukataa chakula na kukonda.
(b) Hukohoa, na huhema upesi hata akiwa amelala.
(c) Huwa na homa. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya digrii 38 na 39 hivi; likipita 39.5 hali akiwa ametulia, yafaa aangaliwe.
(d) Hutoka vidonda vinavyotoa majimaji, hasa puani na nyayoni, navyo havisikii dawa ya kawaida.
(e) Macho huwa mekundu au huingia ukungu, na huweza kupofuka.
(f) Huchechemea, ikiwa mifupa imeingiliwa.

Copper alianza kwa kukohoa, mwanzoni mwa Oktoba. Alipopimwa mara ya kwanza ilidhaniwa kwamba ni homa ya mapafu iletwayo na bakteria, akapewa dawa ya bakteria kwa siku kumi. Haikumsaidia kitu. Kosa hilo hutokea mara nyingi, kwa kuwa kikohozi kinafanana. Lakini kuvu si bakteria, na dawa ya bakteria haiiui. Dawa za jamii ya kortisoni nazo, zinazotuliza uvimbe, zikitolewa bila dawa ya kuvu huweza kuuzidisha ugonjwa, kwani hulegeza ulinzi wa mwili.

Usiku wa siku ya kumi nilihesabu pumzi zake alipokuwa amelala. Mbwa mzima akilala huvuta pumzi chini ya 30 kwa dakika. Copper alivuta 60. Alfajiri tukampakia garini, tukampeleka hospitali kubwa ya wanyama.

3. Jinsi ulivyotambuliwa

Daktari wa wanyama alimpiga picha ya eksirei kifuani. Mahali pa mapafu, panapopasa kuwa peusi kwa sababu ya hewa, palijaa madoa meupe kama theluji inayoanguka. Kisha akachukua majimaji ya kidonda cha unyayo, akayaweka chini ya hadubini, akaniita nitazame. Niliona chembe za mviringo zenye ukuta mnene, na moja ilikuwa imeshikamana na mtoto wake kwa shingo pana. Shingo hiyo pana ndiyo alama inayoitofautisha kuvu hii na nyingine. Mkojo pia ulipelekwa maabara, kwa maana mabaki ya kuvu huonekana humo.

4. Dawa

Zamani, tangu miaka ya 1950, dawa iliyotegemewa ni amfoterisini, inayotiwa katika mshipa wa damu. Ina nguvu, lakini huweza kuharibu figo. Hata leo hutumika kwa wagonjwa waliozidiwa. Tangu miaka ya 1990 dawa inayotumika zaidi kwa mbwa ni itrakonazoli, ya kumeza. Kipimo chake cha kawaida ni miligramu 5 kwa kila kilo moja ya uzito wa mbwa, kila siku. Copper alikuwa na kilo 44 kabla ya kuugua, naye siku ile alikuwa na kilo 40. Hivyo alipewa miligramu 200, yaani vidonge viwili vya miligramu 100.

Tena dawa hii hainyweshwi siku saba ikaisha. Muda wake ni miezi, aghalabu minne hadi sita au zaidi. Na sharti iendelee walau mwezi mmoja baada ya dalili zote kutoweka. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 1996, mbwa 112 walitibiwa kwa dawa hii. Karibu mmoja katika kila watano ugonjwa ulimrudia baadaye. Kwa hiyo hata aliyetibiwa vizuri hana budi kuangaliwa.

Daktari hakutuficha. Alisema mbwa wengi hupona, lakini wale wanaokufa, wengi hufa katika juma la kwanza. Maana kuvu inapokufa mapafuni, uvimbe huzidi kabla ya kupungua. Akasema pia gharama yake. Mzee alinyamaza kitambo, kisha akauliza matibabu yaanze lini. Juma lile aliiuza mashua yake ya kuwindia bata.

5. Kazi za mwuguzi

Copper alikaa hospitali siku nne, akivutishwa hewa ya oksijeni. Jicho lake la kushoto lilivimba na kupofuka kabisa, likatolewa kwa sababu lilikuwa likimtia maumivu makali. Siku ya tano alirudi nyumbani, nami nikapewa kazi hizi:

Kwanza, chakula. Itrakonazoli ya vidonge huingia mwilini vizuri zaidi tumboni mkiwa na chakula. Nayo shida ni kwamba mgonjwa hataki kula. Nilimpa chakula kidogo kidogo, mara nne kwa siku, kikiwa na uvuguvugu ili harufu yake imvute: kuku aliyechemshwa, wali, na mayai. Haifai kumlazimisha kwa kumsukumia chakula kooni, kwani kikipotea njia kitaingia mapafuni.

Pili, saa ya dawa. Nilimpa dawa saa moja asubuhi kila siku. Daktari alinikataza kumpa dawa ya kiungulia bila kumwuliza, kwa kuwa itrakonazoli ya vidonge huhitaji asidi ya tumbo.

Tatu, daftari. Kila siku niliandika: saa ya dawa, chakula alichokula, pumzi kwa dakika akiwa amelala, joto la mwili, na kikohozi. Kila Jumapili nilimpima uzito. Macho ya mtu hudanganya, maana humwona mbwa kila siku na asitambue kwamba amebadilika. Lakini daftari husema kweli.

Nne, kuangalia madhara ya dawa. Dawa hii huweza kusumbua ini. Mbwa akitapika, akikataa chakula tena baada ya kupata nafuu, macho au ufizi ukiwa na rangi ya manjano, au miguu ikivimba na kutoka vidonda vipya, daktari aambiwe siku hiyo hiyo. Damu yake hupimwa mara kwa mara ili kuona ini linavyofanya kazi.

Tano, usafi. Mbwa huyu hamwambukizi mtu wala mbwa mwenzake kwa pumzi, kwa sababu kuvu iliyo mwilini imo katika umbo la hamira, ambalo halipeperuki. Kwa hiyo hapana haja ya kumfukuza. Lakini bandeji yenye majimaji ya kidonda haifai kuachwa, kwani ikikaa penye baridi na unyevu kuvu huweza kurudia umbo lake la nyuzi. Nilivaa glovu, nikafunga bandeji katika mfuko na kuitupa mara moja. Nilijihadhari pia asiniume wala nisijichome kwa kitu kilichogusa kidonda.

Sita, utulivu. Mbwa mwenye mapafu mabovu hafai kukimbia. Nilimtoa nje kwa kamba, polepole, kisha tukarudi.

6. Kosa langu

Juma la kwanza lilikuwa la hofu. Usiku niliamka mara tatu kuhesabu pumzi. Siku ya sita zilikuwa 52, siku ya tisa 40, siku ya kumi na tano 28. Mwezi wa pili vidonda vilikauka. Uzito ulirudi kilo 41, kisha 43. Copper alianza kunipokea mlangoni, akigonga meza kwa ubavu wa kushoto kwa kuwa upande ule haoni. Kila mgeni aliyekuja alisema mbwa huyu amepona.

Hapo ndipo nilipolegea. Mwanzoni nilikuwa nikimpa kidonge ndani ya kipande cha jibini, nikamfungua kinywa na kutazama kama amemeza. Baadaye niliona ni kazi bure. Nilimtupia jibini, akalidaka, nami nikashika njia ya kwenda chuoni. Daftarini niliandika, “Dawa: amepewa.”

Katika juma la kumi na moja nilisogeza kochi ili nifagie. Nyuma yake, karibu na ukuta, nilikuta vidonge. Vingine vilikuwa vizima, vingine vimelainika na kushikamana na zulia. Nikavihesabu: tisa. Copper alikuwa akila jibini, na kidonge akakitema mahali ambapo hapana mtu anayetazama.

Nilikaa sakafuni na vidonge vile mkononi, nikaikumbuka mashua ya mzee. Nilifikiri kuvitupa na kunyamaza. Nadhani ningeweza, na pengine hapana ambaye angejua. Lakini daktari angepima mapafu akidhani mbwa amekunywa dawa yote, naye angekata shauri kwa habari ya uwongo. Jioni nikamwonyesha mzee. Alivitazama kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba afadhali nimeviona Januari kuliko kama ningeviona Juni. Tena akaniambia nimpigie simu daktari yeye akiwepo.

Picha iliyopigwa juma lile ilionyesha madoa machache yaliyobaki. Daktari hakunigombeza. Alinieleza tu kwamba neno “amepewa” na neno “amemeza” si neno moja. Akaongeza muda wa dawa. Tangu siku ile nilimkalisha Copper, nikakitia kidonge nyuma ya ulimi, nikamfunga kinywa na kumpapasa koo mpaka ameze, ndipo nikampa chakula chake. Na daftarini nikabadili neno.

7. Mwisho wa matibabu

Dawa ilikoma mwezi wa Mei mwaka 2015, baada ya miezi saba. Picha mbili zilizopigwa kwa kupishana mwezi mmoja zilionyesha mapafu safi, na mkojo haukuonyesha kitu. Hata hivyo tuliambiwa tumwangalie mwaka mzima, kwa kuwa ugonjwa ukirudi, aghalabu hurudi katika mwaka wa kwanza. Tena hapana chanjo inayouzwa kwa ajili ya mbwa, na udongo wa kando ya ziwa ulikuwa ule ule. Kwa hiyo mzee alipiga uzio mahali pale palipokuwa na magogo yaliyooza, ambapo Copper alipenda kufukua.

Nilipoondoka alikuwa na kilo 44 kamili. Alinisindikiza hadi garini, akiinamisha kichwa upande ili anione kwa jicho lake moja.

8. Somo hili latufaa nini?

Pengine mwanafunzi atauliza, ugonjwa wa mbwa wa Wisconsin watuhusu nini sisi? Unatuhusu kwa njia tatu.

Kwanza, mbwa wetu nao hupatwa na kuvu, mathalani ile ya choa, inayomnyonyoa manyoya kwa mabaka ya mviringo. Hiyo si ya mapafuni, na tofauti na ile ya Copper, yenyewe huwaambukiza watu, hasa watoto. Mbwa mwenye mabaka kama hayo apelekwe kwa daktari wa mifugo, asipakwe mafuta machafu ya gari kama wengine wafanyavyo, kwani hayo ni sumu kwake.

Pili, tusimhukumu mgonjwa kabla ya kujua. Mbwa mwenye vidonda na kikohozi hupigwa mawe na kufukuzwa, na pengine ugonjwa wake hauambukizi. Maarifa hutangulia, ndipo huruma na hadhari zikajua mahali pake.

Tatu, na ndilo kubwa, kupata nafuu si kupona. Jambo hili ni kweli kwa mbwa na ni kweli kwa binadamu. Dawa za kifua kikuu kwa kawaida hunywewa miezi sita, na wako wanaoziacha mwezi wa pili kwa kuwa kikohozi kimekoma. Wazazi wanaosoma makala hii, mtoto akipewa dawa ya siku saba, msiiweke kabatini siku ya tatu kwa sababu ameanza kucheza. Na ninyi wanafunzi mnaotumwa kumpa bibi au mdogo wenu dawa, ngojeni mpaka ameze.

Maswali

1. Eleza maumbo mawili ya kuvu ya blastomikosi, na mahali ambapo kila moja huonekana.
2. Kwa nini dawa ya bakteria haikumsaidia Copper?
3. Mbwa ana kilo 20. Kwa kipimo kilichotajwa, atahitaji miligramu ngapi kwa siku? Akitibiwa siku 180, atatumia vidonge vingapi vya miligramu 100?
4. Kwa nini mbwa huyu hawaambukizi watu kwa pumzi, na hali bandeji zake ni za kuangaliwa?
5. Andika kwa mistari kumi: kuna tofauti gani kati ya “amepewa” na “amemeza”? Toa mfano wako mwenyewe, usiohusu dawa.